Nani Atamcheka Mukalay

Kwetu mtu hafi siku anayokata roho. Siku hiyo anakuwa ameondoka tu. Anakufa baadaye, kwenye kilio, watu wakiwa wamekaa uani juu ya viti vya kuazima, pale mjukuu anapoingia amevaa kofia ya marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagombeza watu kama yeye. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na katikati ya kicheko hicho mjane anaanza kulia machozi ya kweli. Mjukuu anasimama njiani na kukataa kuondoka mpaka apewe anachodai, iwe bia, iwe kuku. Akishapewa, basi, mtu amekufa. Hakuna anayebisha tena. Na mtu aliye hai hachezewi hivyo mbele za watu, maana hiyo ni kumwitia kifo.

Mume wangu Mukalay alilijua hilo na alijiandaa mapema. Alikuwa mtu wa reli, mkuu wa stesheni kule Mutshatsha enzi zile treni zilipokuwa treni, na hata tulipohamia hapa Kolwezi baada ya kustaafu kwake hakuivua kepi yake ya buluu. Alikonda uzeeni, suruali ikawa haikai kiunoni, basi akawa anatembea ameishikilia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na saa iliyokufa zamani. Yeyote aliyechelewa, awe padri, awe fundi, awe mimi mwenyewe nikitoka sokoni na kikapu kichwani, alimnyooshea mkono ule, akaitazama saa kwa macho ya kufinya, akasema, "Treni inachelewa." Kila siku ya Mungu. Nilikuwa nikimwambia iko siku nitaitupa saa hiyo chooni, na yeye aifuate.

Mwana wetu wa pekee, Barnabé, alitutangulia, akatuachia mjukuu mmoja, Shekina, ambaye ameolewa Kisenge. Shekina alipokuwa mdogo, Mukalay alimvalisha kepi na kumfundisha uani kama mwalimu wa kwaya.

"Siku yangu, weye njo utanifanya," alimwambia. "Usinifanye mubaya. Suruali unashika na mukono ya kushoto, unasikia? Na unakohoa kwanza."

Mtoto alikuwa akimwigiza mpaka mimi natoka jikoni nikidhani ni mzee ananiita.

Kipindupindu kilikuja na mvua za mwaka jana. Nasema ukweli, serikali haikulala. Walifunga kisima cha bondeni, wakaleta tangi la maji, wakajenga mahema meupe kwenye uwanja wa mpira. Gari lenye kipaza sauti lilizunguka asubuhi na jioni: nawa mikono, chemsha maji, usifiche mgonjwa. Kisha ikaja amri ya mkoa: hakuna kilio, hakuna kula pamoja, na atakayekufa kwa ugonjwa huu atazikwa na kikosi cha afya. Watu walinung'unika. Mimi sikunung'unika. Nimepika kwenye vilio vingi, najua ni mikono mingapi inaingia kwenye sinia moja la bukari, huo ugali wetu. Amri ilikuwa na akili. Shida ya amri yenye akili ni kwamba hukumbuki kuiogopa mpaka ikufikie wewe.

Mukalay alishikwa alfajiri. Jua lilipotoka macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Gari la wagonjwa lilimchukua. Uwanjani hawakuniruhusu kupita uzio. Nilikaa nje juu ya jiwe mpaka jioni, nikarudi kesho yake, na mchana mtu mmoja akatoka kwenye hema, akavua glavu, akaniambia pole. Walimzika siku hiyohiyo, kwenye mfuko mweupe. Mimi nilisimamishwa mbali, kando ya barabara, na malori ya kampuni ya madini yalipita katikati yetu, kila mara nikikosa kipande cha mazishi ya mume wangu.

Kisha wakaja nyumbani na pompu mgongoni. Wakanyunyizia klorini kitandani, sakafuni, chooni, hata kepi iliyokuwa imening'inia kwenye msumari. Ilipokauka ilikuwa na madoa meupe, kana kwamba kuku wamelala juu yake. Walipomaliza wakaandika ukutani kando ya mlango, kwa rangi nyekundu, herufi na nambari, ili kikosi kingine kijue nyumba hii imeshughulikiwa. Wakaaga kwa adabu, wakaondoka.

Tuna viti viwili. Nilivitoa vyote viwili uani, nikakaa kwenye kimoja. Najua amri ilisemaje. Nilivitoa kwa ubishi tu.

Hakuja mtu. Si siku hiyo, si kesho yake, si wiki ile. Wanasema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Jirani yangu ni Jeanne. Tunagawana ukuta, na kabla ya hapo tulikuwa tunagawana chumvi, makaa na umbea. Sasa nilikuwa nikimsikia akitwanga sombe, majani ya muhogo, upande wa pili, nami nikikohoa, mchi unanyamaza. Anasubiri niingie ndani ndipo aendelee. Nikajiambia anaogopa ugonjwa, ana watoto, usimhukumu. Lakini sombe alitwanga kila siku, na kila siku nilikohoa makusudi, nipate hata kunyamaziwa na mtu.

Aliyekuja ni mmoja tu, na huyo nilimchukia. Domitille, mwanamke wa makamo, ajenti wa afya. Alikuwa miongoni mwa waliombeba Mukalay mpaka shimoni. Kila asubuhi alisimama nje ya lango langu la mabati na buti za mpira na kizibao chenye maandishi ya serikali, akauliza maswali yaleyale bila kukanyaga ndani.

"Mama, kuhara haina?"

"Haina."

"Kutapika?"

"Haina."

"Mayi, unaweka klore?"

"Ninaweka."

Anaandika, anaenda. Nilimchukia, na bado nilikuwa naamka mapema kwa ajili yake. Nilisuka nywele. Siku moja alichelewa, nikajikuta nimeshika mabati ya lango kwa mikono miwili kama mfungwa, naangalia njia.

Shekina alipiga simu kutoka Kisenge. Alikuwa karibu kujifungua, hata kwenye simu nilisikia anavyohema.

"Nkambo, mi nakuya," akasema; kwetu babu na bibi wote ni nkambo. "Nani atamufanya nkambo mwanaume? Alinipatia ile kazi mi mwenyewe."

Nilitaka kumwambia njoo. Mungu ananiona, neno lilikuwa mdomoni. Barabara ya huko mvua imeikata vipandevipande, na huku kwetu watu walikuwa bado wanabebwa kwenda mahemani.

"Usikuye," nikamwambia. "Uzale kwanza. Nkambo wako atangoya."

"Atangoya mpaka lini?"

Nikakata simu, maana nilishaanza kulia, na mwenye mimba halishwi machozi ya watu.

Siku niliyojua ukweli ilikuwa kwenye tangi la maji. Jeanne alikuwa mbele yangu kwenye mstari, ameniachia nafasi ya kupita gari.

"Mama Jeanne," nikamwambia, "hata pole hauniambie?"

Akageuka taratibu. Hakuwa na uso wa mtu anayeogopa. Alikuwa amekasirika.

"Pole ya nini, mama Barnabé? Tata Mukalay alishafika ku Lubumbashi? Nyumba balimupatia kule ni mukubwa?"

Nilidhani kichwa chake kimeharibika. Wanawake wengine wakawa wanatazama ndoo zao.

"Mukalay alikufwa," nikasema. "Balimuzika."

"Nani aliona?"

"Mi niliona."

"Weye moja," akasema Jeanne. "Maiti hatukuona. Kilio hatukukaa. Hata mujukulu hakuna mwenye alimufanya. Lakini alama mwekundu ku ukuta yako, ile tuliiona shee bote."

Ndipo nikaelewa. Mgeni hawezi kuelewa, lakini mtu wa Kolwezi anaelewa upesi. Hapa kwetu madini yako chini ya vitanda vyetu. Rangi nyekundu na nambari ukutani ina maana moja tu: kampuni imepima, mwenye nyumba amekubali, tingatinga linakuja. Na mmoja akikubali, mtaa wote umekwisha. Wengine watafukuzwa kwa bei ya karanga. Harufu ya klorini nayo waliifananisha na asidi inayobebwa na malori ya kampuni. Basi wakaunganisha wenyewe: mzee amechukuliwa alfajiri kwa gari, harudi, mke wake halii mbele za watu, nyumba imepigwa alama. Kumbe kolera ni kisingizio! Mukalay ameuza, amejificha mjini, na bibi kizee amebaki kulinda masanduku. Hawakuwa wameniogopa hata siku moja. Walikuwa wamenihesabu msaliti, na mume wangu aliyeoza chini walikuwa wamempangia nyumba Lubumbashi.

Nilirudi na ndoo nusu, nyingine nimeimwaga njiani. Nikachukua mchanga na brashi nikasugua ile alama mpaka vidole vikatoka damu. Rangi ya serikali haitoki. Nilichopata ni watoto wa jirani kusema mama Barnabé anafuta ushahidi.

Asubuhi yake nilimngoja Domitille na hasira kamili.

"Alama yenu iliniua," nikamwambia. "Batu banasema bwana yangu eko muzima. Mutangaze ku gari. Museme jina yake: Mukalay, wa reli, alikufwa na kolera."

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atalipeleka ombi ofisini. Jioni gari lilipita, nami nikatoka mpaka barabarani, kitambaa nimekifunga vizuri, nisikie. Kipaza sauti kilisema wananchi wazuie uvumi, kilisema serikali inazifariji familia zilizopoteza wapendwa wao. Likapinda kona. Kesho yake Domitille akanieleza kwamba jina la mgonjwa ni siri, sheria inamlinda.

Sheria ikamlinda Mukalay mpaka ikamfuta. Na hata wangelitaja jina lake, nani angeamini? Gari lile lilikuwa la serikali, na alama nayo ilikuwa ya serikali.

Niliingia ndani nikalala kitandani mchana kweupe. Sikupika. Nilikuwa nimefikiri upweke ni kukosa watu, na hilo ningelizoea, mjane yeyote huzoea. Lakini kuwa mtu pekee duniani anayejua kwamba mumewe amekufa, hilo sikujua linabebwaje. Alikuwa hajafa kwa mtu yeyote isipokuwa kwangu.

Domitille alipokuja tena sikujibu maswali. Nilimwuliza la kwangu.

"Siku ile mu hema, ulikuwa kule?"

Akakunja daftari lake. "Nilikuwa, mama. Njo zamu yangu ilikuwa."

"Alisema nini? Hakuna mwenye aliniambia."

Alikwangua tope la buti zake kwenye jiwe. Nikafikiri na hilo nalo ni siri.

"Serumu ya ku mushipa ilikuwa inaisha," akasema. "Nilimuambia, nkambo, ungoye kidogo, nakuleteya ingine. Batu balikuwa bengi, nikakawia. Kurudi, eko ananiangalia. Saa yake tulikuwa tumeitosha ku mukono. Lakini akanyoosha mukono vile."

Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya lango, mkono mtupu. Akafinya macho. Akautazama utupu ule kwenye kifundo cha mkono wake kwa ukali wa mkuu wa stesheni, na kwa sauti iliyokauka akasema:

"Treni inachelewa."

Nilicheka. Sikujua kama bado ninacho kicheko, kikanitoka chote kwa pamoja, nikashika mabati nisianguke. Domitille akashtuka, akashusha mkono kama mtu aliyeshikwa anaiba.

"Mama, unisamehe."

"Fanya tena," nikasema.

"Mama, mi niko ku kazi."

"Ulimuita nkambo?"

"Bazee bote ninabaita vile."

"Na yee alikuitika?"

"Aliitika."

"Basi weye uko mujukulu. Bilikwisha."

Nilikimbilia ndani, mimi mzee wa magoti mabovu, nikarudi na kepi, nikaipitisha juu ya lango. Aliyatazama yale madoa.

"Unaogopa nini?" nikamwambia. "Mulishaiua na dawa yenu benyewe."

Akatazama njia huku na huku. Nilidhani ataondoka. Akaweka begi chini, akavua kofia yake ya kazi, akavaa ya Mukalay.

Mwanzoni alimharibu. Alimtembeza kama askari. Nikasimama juu ya tofali ndani ya lango nikaanza kumpigia kelele: "Kichwa mbele! Suruali! Hapana ule mukono, wa kushoto! Ukohoe kwanza!" Na yeye, na buti za serikali, akashika kiuno cha suruali yake kwa mkono wa kushoto, akatoa shingo mbele, akakohoa, na hatua ya nne au ya tano ikawa yake. Nasema ikawa ya Mukalay. Alikuwa anapita njiani kwetu tena, anaburuta mguu, anakasirikia mawe. Wachimbaji wawili waliokuwa kwenye pikipiki na magunia yao walisimama. Milango ikafunguka kidogokidogo.

"Ule ya mama Jeanne," nikamwonyesha. "Mukalay aende kule."

Akaenda. Akasimama mbele ya lango la Jeanne, akakohoa, akanyoosha mkono.

"Mama Jeanne," akasema. "Treni inachelewa."

Kisha nyuma ya ukuta kikatoka kicheko, kile kicheko cha Jeanne kama mtungi unaomwagika, kikapanda, kikapanda, na juu kabisa kikavunjika kikawa ukelele.

"Yoo! Tata Mukalay! Tata Mukalay alikufwa, yoo!"

Mtaa wote ulimsikia. Nami nilishuka kwenye tofali nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kama inavyotakiwa, kwa sauti, kwa jina lake, bila kujizuia.

Domitille alirudi langoni akasimama. Hakuondoka. Nikakumbuka desturi.

"Unalomba nini, mujukulu?" nikamwuliza. "Kuku sina."

"Kiti," akasema.

"Kiti tu?"

"Tangu kolera ianze, mama, ninapita ku kila nyumba ya ile kartie. Hakuna mutu hata moja mwenye alinipatia kiti. Bananiona, banafunga mulango."

Alisema bila kulalamika. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na midomo iliyopasuka kwa klorini, na macho ya mtu ambaye naye anarudi kwenye nyumba isiyo na sauti. Nikakipitisha kiti cha Mukalay juu ya lango. Akakaa yeye nje, nikakaa mimi ndani, mabati katikati yetu. Kukaa kilio ni kukaa, maneno hayana kazi. Hatimaye simu yake ikaita, akasimama, akanirudishia kepi.

"Kiti, ukioshe na klore," akasema, akabeba begi lake, akaenda nyumba inayofuata.

Sikukiosha wala sikukirudisha. Nilikiacha pale nje.

Jua lilipokuwa linainama Jeanne alitoka. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji, ametoka kunawa, hata amri ya mkoa aliikumbuka. Alisogea mpaka kwenye kile kiti, akakaa, mgongo wake ukinigeukia. Alishindwa kunitazama. Nami nilikuwa na maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima kwa ajili yake, makali, mengine ya aibu. Nilisimama langoni nikakohoa kwanza. Nikanyoosha mkono juu ya mabati mpaka mbele ya uso wake, mkono wangu usio na saa.

"Mama Jeanne," nikasema. "Treni inachelewa."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akaushika ule mkono, kinyume cha amri zote, hakuuachia mpaka giza likaingia.

Kisha akaenda kulaza watoto wake. Niliingia ndani, nikatundika kepi kwenye msumari wake. Sasa Mukalay alikuwa amekufa kwa watu wote, kama alivyotaka, na mimi nikapanda kitandani upande wangu, nikamwachia nafasi yake.